Tangazo Lisilopita Mnarani

Siku mtandao ulipokatika mtaani kwetu, tangazo la maziko nililoliandika nikiwa katibu wa msikiti halikutoka simuni. Ndugu wa marehemu, Allah amrehemu, alikuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Tangu hapo naufikiria mtandao usiohitaji mnara. Simu hupokea ujumbe kwa mawimbi ya Bluetooth au Wi-Fi, ikaupeleka kwa simu jirani, nayo kwa nyingine, hadi umfikie mwenyewe. Mwaka 2014 waandamanaji wa Hong Kong waliwasiliana hivyo kwa programu ya FireChat. Ila masafa ni mafupi. Simu zikiwa chache, mnyororo hukatika. Tena jumbe zao ziliweza kusomwa na yeyote. Habari ya maziko haina siri. Ya madeni ya marehemu nisingeipitisha humo.