Jina Juu ya Makala: Kumbukumbu za Mhadhiri kutoka Lisekese

Ulezi wa utafiti, kwa maana inayotumika katika kumbukumbu hizi, ni kazi ya mtafiti mzoefu kumshika mkono mhadhiri au tabibu anayeanza, tangu swali la utafiti linapozaliwa hadi makala inapochapishwa. Unatofautiana na usimamizi wa tasnifu kwa sababu usimamizi hukoma siku shahada inapotolewa, ilhali ulezi huendelea mpaka aliyelelewa aweze naye kulea wengine. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa Lisekese huko Masasi, ameifanya kazi hiyo sehemu kubwa ya maisha yake katika vyuo vya sayansi za afya, na ameamua kuiandikia baada ya kustaafu na baada ya kufariki kwa mtu aliyemfundisha, ambaye humu ataitwa Mzee tu, kwa kuwa hata enzi za uhai wake hakupenda kutajwa jina. Tabia hiyo ya Mzee ya kulidharau jina, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyozaa ugomvi mkubwa kati yake na mwanafunzi wake.

Utoto wa mwandishi hauhitaji kurasa nyingi, kwani ulifanana na wa watoto wengi wa Masasi wa kizazi chake: mikorosho, mihogo, shule ya msingi yenye madawati machache, kisha Chidya, shule iliyotokana na misheni ya Kianglikana, ambako alijifunza kuandika sentensi iliyonyooka na kuogopa kuchelewa. Alisomea utabibu, akapangiwa zahanati juu ya uwanda wa Makonde upande wa Newala, na huko ndiko alikowasikia wazee wakisimulia homa ya zamani iliyowakunja watu viungo hata mtu mzima akashindwa kuinuka kitandani. Wakati huo aliyachukua masimulizi hayo kuwa ya kupitishia jioni. Alipokwenda Dar es Salaam kujiendeleza katika afya ya jamii ndipo alipokutana na Mzee, mtaalamu wa wadudu waenezao magonjwa, aliyemkabidhi nakala zilizofifia za makala tatu na kumwambia azisome kwanza, maswali baadaye.

Makala hizo zilihusu mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, Newala ikiwemo, ambao ndio ulioupa ulimwengu maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya ugonjwa wa chikungunya. Ya kwanza, ya Marion Robinson, iliyotoka 1955, ilieleza dalili za wagonjwa: homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo na vipele. Ya pili, ya W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, iliyotoka mwaka huohuo, ilieleza epidemiolojia yake, yaani namna ugonjwa ulivyosambaa miongoni mwa watu, mahali na nyakati. Ya tatu, ya R. W. Ross, iliyotoka 1956, ilieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana kwa kudunga damu ya wagonjwa katika panya wachanga. Mzee alizifundisha makala hizo kama ramani ya kazi: mmoja alimtazama mgonjwa, mmoja akaitazama nyumba, mmoja akakitazama kirusi, na kila mmoja akaweka sahihi yake juu ya kile alichokiona kwa macho yake. Hapakuwa na orodha ya majina ishirini ambayo nusu yake haijui Newala iko upande gani wa Ruvuma.

Ni vema kueleza kwa nini nyumba ilitazamwa. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua, hivyo mito na visima juu yake ni haba, na katika miaka hiyo maji yalichotwa kwenye chemchemi za mabondeni na kupandishwa kwa kichwa, kisha yakatunzwa ndani ya nyumba katika mitungi. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana na kupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia ya majumbani, alikuta makao tayari. Lumsden aliiona mitungi hiyo na akaihusisha na ugonjwa, na tangu hapo kila mtafiti wa mbu huyo, awe Newala, Lamu au Dar es Salaam, hana budi kuinama juu ya chombo cha maji cha mtu mwingine na kuchungulia.

Namna ya kuchungulia ndiyo iliyokuwa somo la kwanza la Mzee, na ndiyo mada ambayo mwandishi anaibishania hadi leo. Wakaguzi wengi hutumia tochi na kata: wakiona viluwiluwi, yaani mbu wachanga wanaoogelea, huandika kwamba chombo kina maambukizo, kisha hukokotoa fahirisi ya Breteau, ambayo ni idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100 zilizokaguliwa. Mzee aliidharau kata. Hoja yake ilikuwa kwamba viluwiluwi wengi hufa kabla ya kukomaa, kwa hiyo mtungi wenye viluwiluwi mia waliodumaa kwa njaa unaweza usitoe hata mbu mmoja, ilhali pupa, yaani hatua ya mwisho inayodumu takriban siku mbili kabla mbu hajaruka, hukaribia sana idadi ya mbu watakaouma watu. Ili kuwapata pupa wote hapana njia ya mkato: maji yote ya mtungi yamiminwe kupitia chujio la nailoni hadi kwenye ndoo safi, kilichobaki kwenye chujio kisuuzwe katika beseni jeupe, pupa wahesabiwe mmojammoja kwa bomba dogo la kunyonyea, na maji yarudishwe mtungini bila tone kupotea.

Katika kijiji kimoja cha Newala, wakati wa kiangazi, bibi mwenye nyumba aliwazuia mlangoni. Alisema, "Wanangu, maji haya nimeyatoa bondeni tangu alfajiri, mkiyakoroga nani atayanywa?" Mzee, ambaye mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za yule bibi, alimwamkia shikamoo mama kama kijana, akaketi kwenye kigoda alichoonyeshwa, akaeleza kazi yote kwa utaratibu, akachuja, akarudisha maji, kisha akaomba kikombe na kuyanywa mbele yake. Bibi alicheka, akatoa na mtungi wa pili ambao hakuwa ameutaja. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti, na mwandishi hajapata kuona warsha inayolifundisha.

Hata hivyo, heshima kwa mwalimu haizuii hoja. Mwandishi alishikilia, na bado anashikilia, kwamba chujio lina kasoro ambayo Mzee hakutaka kuipima: nyumba zinazokataa kuchujiwa maji hazifanani na zinazokubali. Mwenye maji mengi ya akiba, aliyeyapata kwa jasho zaidi, ndiye anayekataa zaidi, na huenda ndiye mwenye pupa wengi zaidi. Hali hiyo huitwa upendeleo wa sampuli, yaani kundi lililochunguzwa kutowakilisha kundi zima, na haiponywi kwa usahihi wa kuhesabu ndani ya nyumba zilizokubali. Kata yenye ujazo unaojulikana, ikitumika kwa namna ileile katika nyumba zote, hutoa hesabu hafifu lakini ya wote. Mzee alijibu kila mara kwamba nyumba iliyokataa iandikwe katika daftari na irudiwe kesho, na kesho yake tena. Jibu hilo ni zuri kwa mtafiti mwenye subira ya Mzee na gari lenye mafuta, lakini mhadhiri msaidizi aliyepewa fedha za majuma machache ya kazi ya nje hana kesho nyingi kiasi hicho.

Ugomvi mwingine haukuwa wa kisayansi. Baada ya kazi mojawapo ya aina hiyo, makala ilichapishwa na chuo ambacho hakitatajwa, na jina la mwandishi, aliyekusanya data na kuandika rasimu ya kwanza, halikuwemo. Lilikuwemo jina la mkubwa mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga uwanda wala kusoma daftari. Mzee alipoulizwa alisema kwamba makala hupita na data hubaki, akarudi kwenye darubini yake. Alikuwa mtu mwadilifu, na alikuwa radhi jina lake mwenyewe liachwe pia, lakini aliyekwisha kuwa na cheo hujinyima pambo, hali anayeanza hunyimwa riziki. Mhadhiri hupandishwa daraja kwa machapisho, huombewa ufadhili kwa machapisho, na hupokelewa kwenye masomo ya uzamivu kwa machapisho.

Kanuni zipo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia katika mkutano wa Vancouver mwaka 1978, inamtaka mwandishi atimize masharti manne yote kwa pamoja: mchango halisi katika kubuni kazi au kupata na kuchanganua data, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha nakala ya mwisho, na, sharti lililoongezwa 2013, kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Anayewekwa bila kutimiza haya ni mwandishi wa zawadi. Aliyeyatimiza akaachwa ni mwandishi aliyefichwa. Maovu hayo mawili husafiri pamoja, kwa kuwa kiti anachopewa wa kwanza kwa kawaida huwa kimeondolewa chini ya wa pili.

Mwandishi alipopata wanafunzi wake aliwalea kwa utaratibu wa Mzee uliorekebishwa mahali pamoja. Waliandika daftari la uwanjani kwa mkono, kila jioni, kabla ya kula. Walisoma makala tatu za Newala kabla ya kuandika itifaki, yaani andiko la mpango wa utafiti linalopelekwa kwenye kamati ya maadili. Walirudi kijijini kueleza matokeo kwa watu waliotoa damu au kufungua mitungi yao. Lakini kabla ya safari ya kwanza waliketi na kila mhusika, dereva na mkalimani wakiwemo, wakaandika nani atafanya nini na nani atatajwa wapi, kama mwandishi au katika shukrani, wakatia sahihi. Wengine walimwona mkorofi. Baadhi ya waliomwona hivyo sasa ni maprofesa washiriki, na wanafunzi wao wanalalamika juu ya jambo hilohilo.

Kuna dalili kwamba kazi hii inafifia, na hapa vijana hawana budi kuvumilia maneno makali kidogo. Miundo haikosekani: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya 1979, Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya 1986, na mtandao wa CARTA, ulioanza 2008 chini ya kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewakusanya wanaosoma uzamivu kutoka vyuo vya Afrika, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zikiwa miongoni mwa washirika wake, na umefanya vizuri kutambua kwamba hata wasimamizi wanahitaji kufundishwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kando ya kijana wakati jedwali linapokataa kujumlika. Kijana wa leo ana mafaili ya vyeti vya warsha, anajua posho ya kila warsha, anapakua data zilizokusanywa na wengine katika nchi asiyoijua, anabonyeza programu ya takwimu mpaka itoe namba iliyo chini ya 0.05, kisha analipia jarida linalochapa chochote mradi kimelipiwa. Akiulizwa maji ya wahojiwa yalitoka wapi, hajui. Huyo hajadhulumiwa na umaskini wa nchi peke yake. Amekubali kudhulumiwa, kwa sababu ni rahisi.

Hali hiyo ni ya hatari zaidi kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukusubiri. Mwaka 2004 chikungunya iliwaka Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, ikafika Komoro na kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua. Dengue, inayoenezwa na mbu yuleyule, iliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kila mara watafiti wa dunia nzima walizirudia makala za Newala, na kila mara wachache mno miongoni mwao walikuwa wametoka Masasi, Newala au Tandahimba, ingawa huko ndiko wanakoishi wajukuu wa wagonjwa wa kwanza.

Vyuo vya sayansi za afya vinaombwa jambo moja ambalo halihitaji mfadhili: kamati za maadili zisiidhinishe itifaki yoyote yenye mtafiti anayeanza bila makubaliano ya uandishi yaliyotiwa sahihi na wote, na pawepo mtu nje ya idara husika ambaye kijana anaweza kumpelekea malalamiko bila kuhofia mkataba wake. Makubaliano hayo ni ukurasa mmoja. Wakuu wa idara waliowahi kuyakataa kwa madai kwamba yanaongeza makaratasi hupokea itifaki zenye makumi ya kurasa kila mwezi, na hakuna aliyewahi kulalamika juu ya hizo.