Kosa Lilikuwa Chini ya Mguu Wangu

Ndugu msomaji, kama una gari kuukuu nyumbani, au jirani yako analo, huenda habari hii ikakufaa. Mimi ni mtu wa pwani niliyehamia Dodoma kwa kazi, na gari langu ni Peugeot 504 niliyoachiwa na baba. (Vijana hawaijui, lakini ni gari la namna hiyo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, likiendeshwa na Ove Andersson.)

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi nikiliwasha uani, languruma taratibu. Nikisimama njia panda, injini hutetema, sailensa hupanda na kushuka, na mara nyingine huzimika kabisa, huku walio nyuma wakinipigia honi. Nikiondoka, halina neno. Nikilifikisha kwa fundi, linatulia kama mtoto aliyeona sindano.

Fundi alibadili plagi zote nne. Akaifungua kabureta akaisafisha, maana vumbi la huku, msomaji wangu, si mchezo. Mtu mwingine akaniambia kuwa Dodoma iko juu, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani huinywesha injini petroli kupita kiasi. Ni kweli. Lakini mwinuko haupungui gari likifika gereji! Jambo linalokuja na kuondoka halielezwi na kitu kilichopo siku zote, na hilo nilipaswa kulifikiri mapema. Badala yake nilifikiri jambo la aibu: kwamba fundi anauacha ugonjwa makusudi ili nirudi na pesa. Nikamzuilia malipo ya plagi, tena nikayasema hayo barazani, mbele ya watu wanaomjua.

Mara ya nne aliniambia, "Bwana, kaa ndani ufanye kama ufanyavyo ukisimama barabarani." Nikakaa, nikakanyaga breki. Injini ikatetema. "Toa mguu." Ikatulia. "Kanyaga." Ikatetema tena, na karibu na pedeli nikasikia mlio mdogo kama wa nyoka.

Kumbe ni haidrovaki, lile kopo kubwa jeusi linaloupa mguu nguvu ya breki. Injini huvuta hewa iliyomo kwa njia ya mpira, na ndani mna utando unaogawa vyumba viwili. Utando ulikuwa umechanika. Kila nikikanyaga, hewa ya nje ilipenya hadi kwenye injini, ikaizidi petroli. Katika mwendo hewa hiyo ni kidogo, haisumbui. Gari likisimama ndipo inapoonekana. Fundi akaubana ule mpira kwa koleo. Nikakanyaga: injini haikutikisika, lakini baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Hapo nikaingiwa na hofu. Wiki ile nilikuwa niwapakie mama watoto na wanangu kwenda arusini Iringa, kwa njia ya Mtera, na katika kurudi kuna mteremko wa Nyang'oro. Mimi nalalamikia mtetemo, kumbe ni breki zinaniita.

Arusi ilitupita. Jioni ile nilirudi barazani nikawaambia wote nilivyokosea, na maneno yalikuwa mazito kutoka kuliko yalivyokuwa kuingia. Kisha nikamwendea fundi kumwomba radhi.

"Yamekwisha, Bwana," akasema. "Na zile plagi nne je?"