BREKI ZAKO ZIKO SAWA?



Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alijulikana kwa kupanda milima. Lakini Tour de France ya 2016, hatua ya nane, aliwatoroka wapinzani kwenye mteremko wa Peyresourde. Alishinda kwa sekunde 13, akavaa jezi ya manjano.

Mwenye baiskeli wa Rongo atakuambia: kupanda hupima miguu, kushuka hupima breki na moyo.

Nimewaombea wengi wapande: kazi, ndoa, uongozi. Walioanguka ninaowajua, wengi walianguka baada ya kupata. Hata Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, aliomba afe.

Ndugu yangu, usiombe mlima tu. Omba na breki. Andika AMINA tuombe pamoja.