Viti viwili vya plastiki

Kimya changu ni cha mitihani na kazi za vikundi, sijawatupa. Leo tuongee kuhusu maigizo. Siyo ya kwenye runinga, nasema ya kutibu moyo.

Kwenye somo la ushauri nasaha tumefika kwa Jacob Levy Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kukulia Vienna. Jamaa hakutaka mgonjwa asimulie tu shida yake, alitaka aionyeshe. Mwaka 1936, akiwa ameshahamia Marekani, alifungua hospitali ndogo mjini Beacon, New York, yenye jukwaa lake kabisa. Wagonjwa wakawa wanaigiza maisha yao wenyewe. Ndiyo saikodrama hiyo.

Hatua zake ni tatu. Mnajiandaa kwanza ili watu wazoeane, kisha mwenye jambo anaigiza, halafu waliotazama wanaeleza kilichowagusa wao. Kushauri hakuna, kuchambua hakuna. Na kitu kikubwa humo ni kubadilishana nafasi: unakaa kwenye kiti cha aliyekuumiza, unajibu kama yeye.

Ukisikia hivi unaweza kuona ni kama tulivyokuwa tunajipikilisha kwa makopo. Lakini hata huku pwani, kwenye ngoma za pepo, mgonjwa huitwa kiti: pepo akishapanda anaulizwa anataka nini, naye anajibu kwa kinywa cha mgonjwa. Tofauti ni kwamba kwa Moreno unajua kabisa unayesema ni wewe.

Sasa yangu. Baba alifariki nikiwa kidato cha tano, shule ya bweni. Mitihani ilikuwa imekaribia, nyumbani wakaamua nisiambiwe, mtoto asije akafeli. Nilipofunga shule nikakuta kaburi limeshaota majani. Najua baadhi yenu mmepitia hii. Tangu hapo mimi na mama tunaongea vizuri tu: ada, mvua, mahindi. Lile halitajwi.

Kwenye semina mwalimu akaweka viti viwili vya plastiki. Nikakaa kimoja, kile kitupu nikakiambia: "Mama, mlimzika baba yangu mimi nipo darasani nachora grafu!" Nilitetemeka jamani. Akaniambia nihamie kile kingine, nikae kama mama anavyokaa. Nikajitupia khanga begani, nikainamisha kichwa kama yeye. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mwanangu, siku ile nilishindwa hata kujibeba mimi. Wewe ningekubeba kwa nguvu gani?"

Darasa zima kimya.

Maneno hayo mama hajawahi kuniambia, na siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Ni yangu. Ila miaka yote nilikuwa namwona mama aliyenificha. Nilipokaa upande wake nikamwona mwanamke aliyefiwa na mume asubuhi ile.

Msije mkaanza kupanga viti bwenini usiku, lakini! Mwalimu alinisimamia mwanzo mpaka mwisho. Tulipomaliza alinivua umama: nikaweka khanga chini, nikataja jina langu na tarehe ya siku hiyo, nikarudi kwenye kiti changu. Kidonda kikifunguliwa kisha kikaachwa wazi, mtu anaondoka na maumivu kuliko aliyokuja nayo. Mwenye jambo zito, kama kubakwa au vita, aende kwa mtaalamu aliyesomea.

Jumapili nikampigia mama. Nikamuuliza, siku ya msiba wewe ulishikwa mkono na nani? Akanyamaza, nikadhani salio limekata. Kisha akaanza kuhadithia. Dakika 40! Kulia tulilia, na kucheka pia, maana kumbe baba mdogo alianguka na sufuria ya chai.

Hasira bado ninayo kidogo, siwadanganyi. Ila sasa nina wa kumwambia, na anajibu mwenyewe.

Haya, mtihani ni Alhamisi. Niombeeni.