Deksamethasoni: dawa inayozima jeni

Wadau, leo tuache kidogo mambo ya kompyuta. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni ndefu hapa Malaba, madereva wakingoja majibu ya korona. Mwezi Juni watafiti wa Uingereza wakatangaza kuwa deksamethasoni imepunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Binamu yangu, dereva wa trela, akanipigia simu: je, anunue vidonge dukani akae navyo?

Nikamwambia dawa hii haiui virusi. Kazi yake ni kama amri ya kuzima programu. Ndani ya seli kuna protini iitwayo kipokezi cha glukokotikoidi. Ina mfuko wa kushikia homoni, na vidole viwili vya zinki vya kushikia DNA. Dawa ikiingia mfukoni, mkia mdogo hujikunja, umbo hubadilika, na kipokezi huingia kwenye kiini cha seli. Huko huibana NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe. Umbo lile jipya pia huzipa nafasi protini nyingine zinazosaidia kuzima.

Mapafu yanayoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe hupata nafuu. Lakini kwa wasiohitaji oksijeni, utafiti huohuo haukuona faida yoyote. Kinga yao bado ina kazi. Ukiizima, nani atapambana na virusi?

Binamu hakununua. Ndugu zangu wa Busia na Malaba, hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kuweka kwenye gari.