Hitilafu Inayojificha: Safari Yangu ya Kwanza Kilwa na Lindi

Gari lilikuwa la mama mdogo, mkazi wa Lindi mjini. Lilikuja Dar es Salaam kutengenezwa, likawa linahamishwa kutoka gereji hii hadi ile. Likiwa barabarani, ghafla taa zote za dashibodi zinawaka, mshale wa spidi unaanguka hadi sifuri, gia inagoma kubadilika. Punde kila kitu kinarudi sawa. Lilikwisha kubadilishiwa betri na alteneta, na gereji moja ilishataka fedha ya kontrolboksi. Ndipo nilipoelekezwa kwa fundi umeme wa Temeke, mzee mzaliwa wa Mchinga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dada, usinunue kitu tena. Nami nakwenda nyumbani kusini. Twende nalo, litasema lenyewe njiani."

Kabla ya kuondoka alichomeka mashine ya kupimia kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Magari ya siku hizi yana kompyuta nyingi: ya injini, ya gia, ya breki. Zinapashana habari kwa jozi ya waya zilizosokotwa, kwa utaratibu uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Misimbo iliyotokea kwenye kioo ilianza na herufi U, yaani mawasiliano yamepotea. Kompyuta ya breki ilidai haiisikii ya injini, na ya gia vilevile. "Wakilalamika wengi kwa pamoja," alisema fundi, "tafuta wanachochangia." Akafungua betri na kupima ile jozi ya waya. Mita ikasoma omu 60, kama inavyotakiwa, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Basi waya za mawasiliano, angalau gari likiwa limetulia, zilikuwa nzima. Kilichobaki kushukiwa ni umeme wenyewe: moto unaokwenda kwenye kompyuta na ethi inayourudisha kwenye betri.

Tulitoka Mbagala alfajiri. Fundi alinikabidhi daftari na kalamu. Kila hitilafu ikitokea niandike mwendo, taa, kiyoyozi, feni ya rejeta, na kama gari linatikisika. Hapo hapo Mbagala, kwenye foleni, ilitokea, nikaandika. Tukapita Mkuranga na Kibiti kwa mwendo mzuri, kimya. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu meta 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Mto ulikuwa mpana kuliko nilivyowahi kuufikiria, nami nilitamani tusimame, lakini jicho la fundi halikutoka kwenye dashibodi. Kimya bado.

Somanga ndipo daftari lilipoanza kunena. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii maeneo hayo, kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa njia ya gari. Tulipopita sisi kulikuwa na kazi ya ujenzi, magari yakipishana kwa zamu juani. Tukiwa kwenye foleni, taa zikawaka zote. Tulipoanza kwenda kasi, zikazima. Fundi hakuonyesha furaha wala mshangao; aliniuliza tu, "Feni ilikuwa inazunguka?" Ilikuwa inazunguka.

Nangurukuru tulichepuka kushoto, tukashika njia ya Kilwa. Kivinje tukauona mji mkongwe na nyumba zake za mawe, kisha tukashuka Masoko hadi gatini. Ng'ambo ya maji ilionekana Kilwa Kisiwani, mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu yake na ya Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa bahari ukiwa miongoni mwa sababu. Nilikuwa nimeyasoma shuleni, lakini kuyaona mbele ya macho ni jambo jingine. Fundi alisema bahari hii haina haraka, ila haichoki. Kinacholika si kuta tu; chumvi inayopeperushwa na upepo hutua kwenye vyuma na waya za kila gari linalolala pwani.

Pale pale gatini alifanya kipimo chake. Aliacha injini iungurume mpaka ikapata joto, akawasha taa kubwa na kiyoyozi, feni ikaanza. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa kompyuta ya injini. Hapo mita haipaswi kusoma zaidi ya volti 0.1 hivi. Ilisoma zaidi ya 2, na aliposhika waya na kuutikisa, ikapanda tena. Akaifuata ethi hiyo mpaka kwenye boliti nyuma ya taa ya kushoto, mahali ambapo feni nayo imefungwa. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani na kutu.

Nilimuuliza kwa nini mafundi waliotangulia hawakuiona. Akachora hesabu kwenye daftari langu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, mita ya kawaida ikikipima gari limezimwa, hukiona kizima. Feni ikivuta ampea 20 kupitia hapo, volti 2 zinapotea njiani, na kiungo kinapata joto la wati 40 na kuzidi kulegea. Kompyuta inakosa ethi ya uhakika, mazungumzo yanakatika. Barabara kuu upepo unapooza rejeta, feni inapumzika, gari linapona. Gereji zote zilikuwa zimelipima asubuhi, kivulini, limepoa.

Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akaweka kichwa kipya cha waya, akakaza na kupaka grisi. Akarudia kipimo kile kile, na mzigo ule ule: volti 0.04. Safari ya kupita Mchinga, penye mashamba ya chumvi, hadi ghuba ya Lindi ilikuwa tulivu, na nyumbani kwao Mchinga alikataa kushuka mpaka afike mwisho na kuhakikisha.

Mama mdogo aliuliza kifaa gani kimebadilishwa. Alipoambiwa ni kichwa cha waya tu, alimlipa fundi ujira kamili bila kupunguza, nami nilimheshimu kwa hilo. Tumezoea kulipia vifaa na kuona kazi ya kutafuta kama kitu cha bure, ndiyo maana mafundi wengi hubahatisha kwa kubadilisha. Mwenye gari naye ana wajibu wake: andika hitilafu inapotokea, gari lilikuwa linafanya nini, na kitu gani kilikuwa kimewashwa. Kisha mpe fundi muda wa kulipima katika hali hiyo hiyo, na umlipe muda huo.