Kinjeketile wa Kivinje hataki mchezo!

Wengi wetu tulikutana na Kinjeketile darasani. Tukamkariri usiku kucha, tukamtapika kwenye karatasi ya mtihani, kwisha habari yake. Sasa wewe mtoto wa mjini, kama nauli unayo, hebu nenda siku moja ukamwone kwao.

Basi la kusini linakuvusha Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo abiria walikuwa wakikesha Ndundu kungoja kivuko. Usisinzie hapo! Huo ndio mto ambamo Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya Kusini mwaka 1943, alimzamisha Kinjeketile wake na kumtoa akiwa hai, na maneno mapya mdomoni. Ng'ambo ndiko iliko Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale wa kweli tarehe 4 Agosti 1905. Ukifika Nangurukuru unaiacha barabara ya Lindi, unaingia kushoto kuelekea baharini, na muda si mrefu uko Kilwa Kivinje.

Vijana wa sekondari moja walikuwa kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa maleba kamili, kesho yake wazazi waje. Maleba yenyewe, jamani! Kaniki za bibi zao, magunia ya korosho yaliyotobolewa shingo, kofia za askari za maboksi. Mjerumani alikuwa kapakwa unga wa muhogo mpaka kwenye kope, kila akitaka kufoka anapiga chafya. Maji, ile dawa ya vita, yalikuwa ndani ya ndoo ya plastiki iliyoazimwa jikoni. Watoto wa msingi waliojazana madirishani walicheka mpaka wakashikana.

Mara bunduki zikalia (bati likipigwa kwa mchi) na wapiganaji wakaanza kuanguka. Dirishani kicheko tena. Mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma akageuka.

"Nyie, hapo hapachekwi. Hao babu zenu."

Kimya!

Na kweli. Majimaji ilianzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi huko huko Kilwa, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Sisi tuliambiwa tutaje sababu tano na matokeo matano, basi. Baadhi ya makadirio ya waliokufa yanafika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa, maana Mjerumani alichoma mashamba na maghala.

Kasheshe ikazuka mwishoni. Kwenye tamthilia Kinjeketile yuko gerezani, kapigwa vibaya, na rafiki yake Kitunda anamsihi aseme maji yalikuwa uongo ili mateso yaishe. Anakataa. Akikana leo, kesho watoto wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Mchezo unaishia hapo. Sasa kijana wetu aliyemwigiza Kinjeketile, mrefu, mwembamba, na anajijua kwamba anatazamwa, alitaka kuongeza kitanzi. Kamba keshaleta, kaifungua kwenye ngalawa ya mjomba wake.

"Mwalimu, wazazi watalia!"

Nusu ya kundi ikashangilia. Bi Kitunda, binti mdogo wa umbo lakini mdomo pilipili, akamkata kauli.

"We kaka, kamba ya nini? Anayetaka kitanzi si aende Mwembe Kinyonga? Hata nauli haitakiwi."

Hakuna aliyejibu. Mwembe Kinyonga ni hapo hapo Kivinje, mahali Wajerumani walipowanyongea wapiganaji, na kila mtoto wa pale anapajua. Mwalimu akamgeukia yule mzee.

"Babu, wewe unasemaje?"

"Kamba irudi kwenye chombo cha watu. Mimi nataka nimsikie akikataa. Mjukuu wangu, sauti yako haikunifikia huku."

Wakarudia mara tatu. Mara ya kwanza alipiga makelele kama mpiga debe wa Ubungo. Ya pili maneno yakamkimbia. Ya tatu alikataa polepole, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa kuongezewa chai, na Mjerumani wa unga akajikuta ameinamisha kichwa, jambo ambalo halimo kitabuni. Mwalimu hakumrekebisha. Mzee akachukua bakora yake, akasema magharibi imekaribia, akatoka.